"Ni Wale Wale Tu"

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi mjini Kisumu kwenye mkutano wa wazee, wanakwaya na viongozi wa vijana waliotoka Kisumu, Vihiga na Kakamega. Waliokosa kufika kwa sababu ya mazishi na mvua wameomba iwekwe nzima. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena.

Wachungaji, wazee wetu, akina mama, vijana, na nyinyi mliokaa nje chini ya hema kwa sababu viti vimeisha humu ndani, nawasalimu nyote katika jina la Yesu. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini. Mimi ni mweka hazina wa kanisa, nimezoea kupewa kidogo na kudaiwa hesabu ya kingi, kwa hiyo tuanze.

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa kwa maneno makubwa: kujilinda na moyo wa kuwabeza ndugu waliopungukiwa. Ni sawa. Lakini nyumbani hatusemi hivyo. Nyumbani tunavuta mdomo upande na kusema, "Hao? Ni wale wale tu."

Mchungaji ameanguka? Ni wale wale tu. Kwaya imegombania sare? Ni wale wale tu. Katibu hajaleta hesabu? Si nilikuambia? Ni wale wale tu. Dada ameokoka juzi, amesimama mbele anatoa ushuhuda, machozi yanamtoka, na huku benchi la mwisho mtu anamnong'oneza jirani yake: "Mpe miezi mitatu."

Mnacheka. Mnamjua huyo wa benchi la mwisho. Leo nimekuja kuzungumza naye.

Wala sitamwambia kwamba hana sababu. Anazo. Mwaka 2023 sote tulikaa mbele ya televisheni tukiona msitu wa Shakahola kule Kilifi, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa, watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Nani kati yenu hakuulizwa kazini wiki hizo, "Nyinyi watu wa kanisa, ni nini hiki?" Nani hajaona mama anauza mbuzi wa mwisho ili "apande mbegu" kwa mhubiri aliyekuja na spika kubwa na kuondoka kabla ya jua kuzama? Sababu zipo. Sikuja kumnyang'anya mtu sababu zake. Nimekuja tuangalie anazitumiaje.

Fungueni 1 Wafalme 18. Sura hii tukiisoma huwa tunakimbilia Karmeli, tunautaka moto. Leo tusikimbie. Tusimame aya ya 4. Pana mtu anaitwa Obadia, na kazi yake ni msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu. Ahabu, mume wa Yezebeli! Huyu ni mtu anayeamka asubuhi na kwenda ikulu kumtumikia mfalme mwenye madhabahu ya Baali. Angekuwa mshirika wetu hapa Kisumu, mngemwitaje? Msinijibu, nawajua. "Huyo anakula na wakubwa. Huyo alishajiuza."

Lakini Biblia inasema alimcha Bwana sana. Yezebeli alipokuwa akiwaua manabii, Obadia aliwachukua manabii 100, akawaficha pangoni hamsini hamsini, akawalisha chakula na maji. Na huo ulikuwa wakati wa ukame, wakati ambao mfalme mwenyewe alizunguka nchi akitafuta majani ya farasi zake. Akina mama mliowahi kupika kwenye matanga mnajua watu mia ni wangapi. Chakula cha watu mia kinatokaje ikulu bila mtu kugundua? Mimi, kwa kazi yangu, ningependa sana kuliona daftari la Obadia.

Sasa angalieni. Aya ya 13, Obadia amekutana na nabii Eliya njiani, anamweleza habari hii yote kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa hiyo Eliya ameambiwa. Twende aya ya 22, sura ile ile, hata ukurasa hujafunua: Eliya anasimama mbele ya watu na kusema kwamba amesalia yeye peke yake. Sura ya 19, aya ya 10, yuko pangoni Horebu: mimi peke yangu. Aya ya 14: mimi peke yangu.

Mara tatu! Na wale mia walikuwa hai. Walikuwa wamekaa pangoni kama yeye alivyokaa pangoni, wanakula mkate wa mtu wa ikulu.

Je, Eliya alikuwa mwongo? Sidhani. Alikuwa ameacha kuhesabu.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu mtu wa "ni wale wale tu" anajiona ana macho makali kuliko sisi. Anajiona yeye ndiye ameamka, na sisi wengine ni watoto tunaodanganywa kwa peremende. Lakini mwulize: mara ya mwisho kuangalia ilikuwa lini? Mmewahi kununua samaki kwa mizani iliyochezewa? Ukiweka ngege mkubwa, inasoma inavyotaka. Ukiweka mdogo, inasoma inavyotaka. Utabadilisha samaki mchana kutwa, na kumbe shida haiko kwenye samaki. Ndugu akianguka, huyu mtu wetu anaandika: nilijua. Ndugu akisimama, anaandika: anaigiza. Ndugu akitubu, anaandika: amebanwa. Sasa niambieni, ndugu huyo afanye nini ili aandikwe vizuri? Hakuna. Basi huko si kuona, wapendwa.

Na Mungu alimjibuje Eliya? Hakuanza kwa hoja. Kabla ya Horebu, chini ya mretemu, malaika alimwamsha akamwambia ale. Mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala. Akaamshwa tena, akala tena.

Hili sijalisikia likisemwa sana kwenye mikutano yetu, kwa hiyo niruhusuni nilikazie. Wanaoshikwa na ugonjwa huu mara nyingi si wavivu. Mvivu haumizwi na kanisa, kwa kuwa hajatoa kitu chake. Wanaoumia ni wale waliosugua sufuria za kila mkutano, waliofungua milango ya kanisa alfajiri, waliofundisha kwaya bila hata nauli ya bodaboda. Uchovu ukikosa kupumzishwa hugeuka dharau. Wachungaji, mkiona mwalimu wa shule ya Jumapili ameanza kusema maneno ya kuchoma, msimwite kumkemea. Mpeni likizo. Mlisheni. Mtamkemea baadaye, kama bado itahitajika.

Alipokwisha kula na kulala na kutembea, ndipo akaulizwa: unafanya nini hapa, Eliya? Akapewa kazi, akapewa na mwenzake wa kazi, Elisha. Ndipo akaambiwa habari ya wale 7,000 ambao goti lao halikumsujudia Baali. Elfu saba! Na yeye hata wale mia alikuwa amewaacha nje ya hesabu.

Wazee mtanivumilia sasa, nataka kugusa pahali panapouma.

Mwisho wa Desemba 2007 na Januari 2008. Mji huu mnakumbuka ulivyokuwa. Maduka yalichomwa, vijana walipigwa risasi, watu walilala chini sakafuni wakisikiliza milio. Kule Nakuru uwanja wa maonyesho ulijaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Kiambaa, karibu na Eldoret, siku ya mwaka mpya, watu waliokimbilia kanisani walichomewa humo humo ndani. Nchi nzima walikufa zaidi ya 1,100. Na kanisa lilikuwa wapi? Jibu lilitoka kanisani kwenyewe. Mapema mwaka 2008, kupitia Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, viongozi wa makanisa walikiri hadharani kwamba walishindwa kuyakabili mambo yale kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea pande. Walikuwa na pande! Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mwaka ule kanisa lilikufa," usimbishie haraka. Ushahidi anao, na ni wa wenye kanisa.

Lakini katika mtaa mmoja hapa mjini, ambao sitautaja, kulikuwa na mama wa ushirika wetu, muuza omena. Nikimweleza kwa upole nitasema alikuwa mtu mgumu. Deni lake la mchango wa jengo lilikuwa limelala miaka. Hakuna kamati ambayo hakugombana nayo. Ibadani alichelewa, na akifika alitaka apishwe kiti cha karibu na dirisha. Usiku baada ya matokeo kutangazwa, majirani zake waligonga mlango wa nyuma: mtu na mkewe na watoto wawili, watu wa kabila ambalo siku zile halikutakiwa kuonekana Kisumu. Akawaingiza kwenye stoo, katikati ya magunia ya omena. Walikaa humo siku nne. Vijana walipokuja kuuliza, hakujificha. Alifungua mlango wa mbele kwa upana, akawatambua wawili kati yao, akaanza kuwadai pesa za omena mama zao walizochukua kwa mkopo. Alipiga kelele mpaka mtaa ukatoka kutazama. Vijana wakaondoka kwa aibu.

Yule mama alikuwa mgomvi tangu zamani, na siku hiyo Mungu alimtumia vile vile alivyo.

Familia ile ilitoka mjini kwa ulinzi wa polisi. Mama hakulisema jambo hili kanisani, hata mara moja. Mimi nilikuja kulijua miaka baadaye, kwa njia ya ajabu. Pesa ziliingia kwa M-Pesa kwenye simu ya kanisa, na ujumbe ukafuata: lipeni deni la mchango la mama fulani, lote. Mimi ndiye ninayeandika risiti, na jina la mtumaji sikulijua. Nikampigia kumuuliza, samahani baba, wewe ni nani kwake?

Nyinyi mnaosema kanisa lilikufa mwaka ule, huyu mlimhesabu? Na yuko mmoja tu, ninayemjua kwa sababu ya risiti! Nakuru walikuwa wangapi? Burnt Forest wangapi? Nani alikuwa na daftari la kuwaandika?

Nije sasa kwa jambo la pili, nalo ni la gharama. Nyinyi mnanijua, lazima nifike kwenye gharama.

Ushirika wetu ulifanya harambee ya paa. Kadi zilizunguka hadi Nairobi na Mombasa. Akina mama waliuza kuku. Mtoto wa darasa la nne alileta sarafu zake zimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Mzee wa kamati ya ujenzi akapewa pesa anunue mabati ya geji 28. Yalikuja mabati ya geji 32, yaani membamba zaidi, tena pungufu, na risiti ikasema geji 28. Aliyegundua ni fundi, alipopanda juu na bati likamkunjikia mkononi.

Mzee akaondolewa kwenye kamati, akahama kwa aibu. Wengine wakahama kwa hasira. Hao wenye hasira hawakunitia wasiwasi sana, kwa sababu mwenye hasira bado anataka kitu. Aliyenitia wasiwasi ni kijana mmoja, mwenyekiti wa kamati ya ustawi, aliyekuwa amebeba mawe ya msingi wa jengo lile kwa bega lake. Huyu hakuhama. Alibaki, akaanza kucheka. Ukisema kesha, anacheka. Ukisema mchango, anacheka. Video ya mhubiri aliyefumaniwa ikitoka Nairobi, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ameshaituma kwenye kundi letu la WhatsApp. (Nawauliza na nyinyi mnaoshika simu sasa hivi: ni lini mara ya mwisho mlituma habari ya mzee aliyerudisha alichokopa?)

Januari iliyofuata akaja mjane, muuza mboga. Binti yake ameitwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, na karo haijatimia. Mfuko wa wajane ulikuwa na pesa. Saini zinazotakiwa ni tatu. Yangu ilikuwepo, ya katibu ilikuwepo. Ya tatu ilikuwa ya kijana wetu. Sikilizeni, hakukataa. Angekataa tungebishana naye. Alisema, "Tuchunguze kwanza. Mnawajua watu wa kanisa, ni wale wale tu." Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Binti aliingia shule wiki ya nne, kwa pesa za chama cha akina mama, akakuta vitanda vimekwisha, na muhula mzima alilala kwenye godoro sakafuni.

Sasa nipeni hesabu. Aliyeiba mabati ni nani? Mzee. Aliyeumizwa na wizi ni nani? Kijana, na sisi sote. Aliyelipa ni nani? Binti wa mjane, ambaye wakati wa harambee ile alikuwa bado anacheza kati. Mzee kule alikohamia hakukisikia hata hicho kicheko. Hakikumfikia. Kilimfikia mtoto.

Bwana wetu aliliona hili kabla yetu. Mathayo 24:12, kwa sababu ya kuongezeka maasi, upendo wa wengi utapoa. Maasi ni ya wachache, lakini upendo unaopoa ni wa wengi. Mwizi mmoja, na mikono mia inafungwa. Kila ninapofunga hesabu za mwaka naiona aya hiyo kwenye safu ya matoleo kwa maskini. Baada ya kila kashfa, mshahara wa mchungaji hushuka kidogo tu. Mfuko wa wajane ndio unaoporomoka.

Wapo wanaosema dawa ni kujitenga, tuanzishe ushirika wa watu safi. Hilo limeshajaribiwa, tena hapa hapa Afrika. Mwaka 303 kaisari Diocletian alianza kuwatesa Wakristo, na askari wakadai Maandiko yachomwe. Kule Afrika Kaskazini maaskofu wengine waliogopa wakayatoa. Mateso yalipoisha, waliosimama imara wakasema: hatushiriki na hao wala na yeyote aliyewekewa mikono nao. Wakajitenga, wakaitwa Wadonatisti. Mwaka 411 pande mbili zilikutana Karthago, maaskofu zaidi ya 500, kanisa mbili katika miji mingi, na wale watu safi walikuwa tayari wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe. Augustino, askofu wa Hippo, aliwaambia shamba lina ngano na magugu mpaka mavuno. Alisema kweli. Ila naye aliishia kuunga mkono serikali iwabane kwa nguvu, kwa hiyo hata mwalimu wetu wa somo hili ana doa lake. Mimi bado namsoma.

Na mnadhani ni mambo ya kale? Waulizeni wazee wa Maseno. Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ulifika huku ukawabadilisha watu kweli, walilipa madeni, walirudisha vitu vya wizi. Lakini kufikia miaka ya 1950, ndani ya Kanisa la Kianglikana hapa Nyanza, walikuwapo Joremo, yaani watu wa damu, na Johera, watu wa upendo, na swali likawa nani ameokoka kweli na nani ni Mkristo wa jina. Ndugu walikataa kuketi na ndugu. Mwaka 1957 kasisi Matthew Ajuoga na wenzake wakatoka, na ndivyo ilivyoanza Church of Christ in Africa. Simhukumu mtu, humu ndani mpo wa pande zote, na chakula cha mchana tutakula pamoja. Nasema tu kwamba moto uliowafanya watu waungame dhambi zao wenyewe uligeuka, wakaanza kuungama za wenzao.

Nawasikia wengine rohoni mwenu: mama huyu anataka tufunike mambo.

Hapana. Hapana kabisa. Anayemchafua mtoto ni wa polisi. Asubuhi hiyo hiyo. Tuna Sheria ya Makosa ya Kingono tangu 2006, na hakuna mahali inaposema wazee wa kanisa wakae kwanza chini ya mti na familia wapewe mbuzi. Galatia 6:1 inasema tumrejeze aliyeghafilika kwa roho ya upole, na ninaipenda aya hiyo, lakini nimeona ikitumiwa kama blanketi la kufunikia uhalifu, na hilo ni dhambi juu ya dhambi. Shakahola nayo ilihitaji watu wa kushuku mapema, na kwa sauti.

Mwenye kushuku huuliza maswali na kungoja majibu. Mtu wetu wa benchi la mwisho haulizi. Ameshajibu.

Na pesa? Mweka hazina wa kwanza wa wanafunzi wa Yesu alikuwa mwizi. Yohana 12:6 imeandikwa wazi. Mimi huisoma kila nikichaguliwa tena. Na bado Paulo alichangisha pesa baada ya hapo, kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Lakini someni 2 Wakorintho 8, aya ya 18 hadi 21, muone alivyozisafirisha: pamoja na Tito, na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kwa karama ile, wakitangulia kufikiri yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Paulo, mtume, hakusema "niaminini". Alisema twendeni watu kadhaa.

Wazee, kanisa nyingi zetu zimeandikishwa chini ya Sheria ya Vyama, sura ya 108, na kila mwaka tunatakiwa kupeleka taarifa kwa Msajili wa Vyama. Wangapi mnapeleka? Nainua macho sasa hivi niwaone. Haya, nayashusha. Hesabu zibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo nyanya yangu angezisoma. Mabati yahesabiwe na watu wawili mbele ya fundi. Mnaona ni kumkosea mzee heshima? Mimi naona ndiyo kumlinda. Yule mzee wetu alipewa pesa nyingi, peke yake, siku ambayo mwanawe alikuwa hospitalini. Simtetei. Lakini nani alimwacha peke yake na mfuko?

Dakika zangu zimekwisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na habari ya Marko, nitaikimbiza. Matendo 13:13, Marko anawaacha wenzake safarini. Matendo 15, Paulo anakataa kwenda naye tena, Barnaba anataka, wanagombana mpaka wanatengana. Mitume hao! Barnaba akamchukua kijana wakapanda meli kwenda Kipro. Halafu Biblia inanyamaza juu ya Marko miaka mingi. 2 Timotheo 4:11, Paulo yuko gerezani, mzee, anaagiza: umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi. Nani alifanya kazi katika ile miaka ya kimya? Nadhani ni yule aliyekubali kusafiri na mtu aliyewahi kutoroka.

Maswali machache. Ndiyo, mzee wa Vihiga.

Mzee ameuliza kama yule wa mabati akirudi apokewe. Mzee wangu, alirudi. Alikuja Jumapili moja, akakaa nyuma kabisa, na baada ya ibada akamfuata mchungaji. Hakupewa kamati, hatapewa kamati, na yeye mwenyewe hajaomba. Anapanga viti siku za mazishi, tena anavipanga vizuri kuliko waliomtangulia. Wapo wasiomsalimia, na yule kijana wa ustawi ni mmoja wao. Analipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, nami namwandikia risiti kama mtu mwingine yeyote. Bado anadaiwa bei ya mabati kumi na mawili. Nakala za risiti ziko kwenye faili ya kijani, na mshirika anayetaka kuziona aje ofisini Jumatano baada ya saa nane, ndiyo siku ninayokuwepo.